Mama Flashi: Mpiga picha wa okidi asiyeuficha tena mkono wake

Mapazia yamefungwa, na juu yake yametundikwa mablanketi mawili, ingawa nje jua linawaka vizuri tu. Katika chumba hiki cha nyuma ya kitalu cha maua, mwanamke ameketi kwenye kigoda, kamera ameiegemeza juu ya mfuko wa mchanga. Mbele yake kuna ua moja la okidi, jeupe lenye koo la zambarau. Nyuma ya ua kuna kitambaa cheusi.

"Sogeza kushoto. Kushoto kwako, siyo kwangu! Hapo. Inua kidogo. Nimesema kidogo baba, hutundiki nguo."

Anayeamrishwa ni mumewe, fundi cherehani mwenye mvi. Ameshika flashi iliyotenganishwa na kamera na kufunikwa kipande cha kitambaa cheupe. Anaguna, anainua kidogo. Mwanga unapiga mara moja, giza linarudi, na kwenye kioo cha kamera ua linaonekana na mishipa yake yote, mpaka vinyweleo vya ukingoni.

Kitu kimoja hakionekani kwenye picha hiyo. Mkono ulioshika kamera unatetemeka, tena siyo kidogo.

Mtaani wanamwita Mama Flashi. Ana miaka hamsini na miwili, na zaidi ya ishirini ameitumia kupiga picha za harusi, mahafali na vitambulisho. Okidi zilikuja baadaye, pale mwenye kitalu, mama mtu mzima mwenye ulimi mkali anayejulikana kwa jina la Bibi Maua, alipotaka picha za kuwaonyesha wateja wanaoagiza miche kwa simu.

"Picha za kwanza alinirudishia zote," anasema na kucheka. "Flashi nilikuwa nimeiweka juu ya kamera, inalipiga ua usoni. Bibi akaniuliza, 'Binti, ua langu linaomba kazi wapi, mbona umelipiga picha ya kitambulisho?'"

Ndipo alipojifunza kuitoa flashi kwenye kamera na kuiweka ubavuni mwa ua, ili kivuli kipate pa kukaa. "Bila kivuli, ua halina mwili," anasema. Bibi Maua alipoona picha za pili alizichukua zote. Alimletea vyungu vingine.

Kisha mkono ukaanza.

Mwanzoni alidhani ni uchovu. Picha za harusi zikawa zinatoka na ukungu, hasa za jioni. "Bwana harusi mmoja aliniletea albamu, akaniuliza kama siku ile kulikuwa na tetemeko la ardhi. Nikacheka naye. Nilipofika nyumbani nililia mpaka kichwa kikauma."

Daktari alimwambia ni mishipa ya fahamu, kwamba dawa zitaupunguza mwendo wa ugonjwa lakini hazitauondoa. Mama Flashi alizificha dawa kwenye mkoba wa lenzi na hakumwambia mtu. Wateja wa harusi walipungua, mmoja leo, mwingine kesho, mpaka kipato chake kikawa hakifiki nusu ya zamani. Kazi iliyobaki ni maua.

Na kwenye maua alikuwa na pa kujificha. Chumba kikiwa na giza, kamera haioni chochote mpaka flashi ipige, na flashi hupiga na kuzimika kabla mkono haujapata nafasi ya kuharibu. "Nilimshukuru Mungu kwa hiyo taa. Nikasema, hapa nitazeekea, hakuna atakayejua."

Lakini okidi hufagiwa vumbi kabla ya kupigwa picha. Punje moja ya vumbi, mwanga ukipita ubavuni, huonekana kama jiwe. Mama Flashi hutumia brashi laini ya kuchorea, na kazi hiyo haisaidiwi na flashi yoyote.

Mwaka juzi Bibi Maua alimpa ua ambalo mche wake ulikaa miaka minane bila kuchanua. Lilikuwa ua moja tu, na mwisho wa wiki lilikuwa liende kwenye maonyesho. Mama Flashi akaanza kulifagia. Mkono ukaruka.

"Brashi iliingia katikati ya ua, ikatoka na vile vidonge viwili vya manjano, vya chavua. Nikashtuka. Nikitaka kuirudisha nyuma, ikaruka tena. Vidonge vikanasa kwenye kile kishimo cha chini yake."

Anayekuza okidi anajua maana yake. Ua likishapata chavua, limemaliza kazi. Halina sababu ya kuendelea kupendeza. Mama Flashi alipiga picha, akafunga mkoba, akaaga. Siku ya pili ua lilikuwa limelegea, na kabla ya maonyesho likakunjamana lote.

Bibi Maua aliwalaani nyuki. Alizunguka kitalu kizima akitafuta tundu walimopita, akakemea, akaziba kila upenyo kwa matambara. Mama Flashi alisimama hapo akimtazama mama wa watu akihangaika na nyuki ambao hawakufanya kosa.

"Ningenyamaza yangekwisha. Lakini nilimwona anapanda ngazi, umri ule, anaziba tundu la juu. Roho ikanisuta. Nikajua nikisema, kazi imekwenda, na baada ya hapo sina nyingine. Nikasema hivyohivyo. Nikautoa mkono mfukoni, nikamwonyesha."

Bibi Maua alishuka ngazi taratibu. Aliushika ule mkono kwa mikono yake miwili.

"Nilikasirika, nisiseme uongo," Bibi Maua anamweleza mwandishi, akiwa amesimama mlangoni na ndoo. "Miaka minane! Lakini nilimwambia, mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe piga picha. Kufagia, tafuta mtu mwenye mkono."

Mtu mwenye mkono alikuwa nyumbani. Siku hiyo Mama Flashi alimweleza mumewe yote. Fundi aliendelea kutia uzi kwenye sindano.

"Nilijua," anasema fundi. "Tangu alipoacha kumimina chai mbele ya wageni. Nilikuwa nangoja aniambie mwenyewe. Uliniuma, huo ukimya, kuliko ugonjwa."

Mkewe anageuza uso. Anaifuta lenzi, ingawa ni safi.

Tangu hapo fundi hufika kitaluni mara tatu kwa wiki, anafagia maua na kushika taa. Wanagombana tangu wanapoingia mpaka wanapotoka.

Lile ua lililokunjamana liliacha tunda dogo, na ndani ya tunda mlikuwa na mbegu laini kama unga. Bibi Maua alizipeleka maabara zikaoteshwa kwenye chupa. Leo miche ipo rafuni, imefungiwa ndani ya kioo, majani yake hayazidi ukucha. Itachukua miaka mitano, pengine saba, kutoa ua.

"Bibi ananiambia hawa ni watoto wangu, nimewazaa kwa brashi," anasema Mama Flashi. "Nataka niwapige picha siku watakapofunua macho. Hilo tu ndilo ninaloomba."

Je, mkono utafika huko? Daktari hajamwahidi kitu. Kwa sasa anamfundisha mumewe kulenga na kubonyeza, na fundi, ambaye hakuwahi kukosea kipimo cha suruali, anakata vichwa vya maua kwenye kila picha.

Mwandishi anamuuliza Mama Flashi kama ataridhika ua la kwanza la miche hiyo likipigwa picha na mkono wa mwingine. 

"Itaniuma," anasema. "Lakini nikishindwa kubonyeza, nitashika taa. Nikishindwa kushika taa, nitakaa hapahapa nielekeze kwa mdomo. Na huu mdomo, muulize mume wangu, hautetemeki."