Tundu Nyuma ya Maua ya Njano

Jana nilimshusha abiria Al-Malqa, kaskazini mwa Riyadh, nikakuta barabara nzima imepandwa vichaka vya maua ya njano. Nikazima gari nikakaa. Wewe hunijui kwa kulialia, lakini jana machozi yalinilengalenga.

Tulihamia mtaa ule kutoka Balad, Jeddah, nikiwa na miaka tisa, miaka ile wasichana wa kwetu Kenya walipokuwa wakiletwa na maajenti ndege kwa ndege. Baba alikuwa dereva wa bosi, mama mpishi wa madam, nasi tulilala chumba cha kando ya geti. Balad nilizoea kelele za wapagazi na harufu ya samaki wa kukaanga. Riyadh ilikuwa kuta tupu, na kichaka kimoja cha maua ya njano kwenye ukuta wa jirani, kikichanua jua la utosi bila aibu.

Nami nilikuwa mtoto wa kushuku. Kila mchana, madam akilala, mama alitoka na ndoo kukimwagilia maji kichaka kile, na kila mchana chapati mbili zilipungua kwenye sahani. Siku moja nikamvizia. Alipiga magoti, akasogeza matawi, na kwenye tundu la ukuta ukatokea mkono wa mtu.

Alikuwa dada wa kazi wa jirani, Mkenya mwenzetu. Waajiri wake walimnyang'anya simu na kumlisha makombo. Mama alimpa chapati, kisha akamnong'oneza habari za mwanawe aliyebaki Kenya, ambaye mama alikuwa akimpigia simu kwa niaba ya dada huyo.

"Ukifungua mdomo, umemmaliza dada wa watu," mama aliniambia aliponikuta nikichungulia.

Nilijikaza wiki mbili. Kisha madam, aliyeona maua kwenye nywele za mama, akanipa chokoleti na kuniuliza kwa upole mama hufanya nini kule. Nikasema yote. Kesho yake tundu likazibwa kwa saruji, kichaka kikang'olewa, na yule dada akarudishwa kwa ajenti. Hatukumsikia tena.

Mama hakuniuliza kitu. Alimshuku baba, aliyeijua siri ile, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akipiga gumzo na bosi garini. Baba aliapa na kuapa.

"Halas, yamekwisha," mama akasema.

Tangu hapo alimwekea chakula bila kumkaribisha, mpaka baba akafariki mwaka juzi. Mimi nilikula pale pale, kimya.

Jana, nikiwa bado garini, nilimpigia mama nikamwambia niko Al-Malqa.

"Mungu amsamehe baba yako," akasema.

Nikaitikia, "Amina."