Simenti Bila Jivu

Jentrix Khaemba aligundua kosa lake asubuhi, alipoinua debe la jivu na kulikuta zito. Jivu hilo alilichekecha wiki iliyopita kwa ajili ya majiko kumi na nane ya chama cha akina mama wa Kawangware. Majiko yalikwenda juzi. Jivu lilikuwa limebaki lote.

Akaketi pale pale mlangoni mwa kibanda chake cha Laini Saba. Miaka sita alikuwa amekata mabati kwa mjomba wake Shiundu, na mjomba hakuchoka kumwambia: kati ya bati la jiko na kikombe cha udongo cha ndani, jaza simenti iliyochanganywa na jivu. Simenti tupu ni ngumu mno. Udongo ukishika moto hutanuka, hukosa nafasi, hupasuka. Lakini siku ya kujaza mvua ilimshtukiza, akaharakisha, akasahau jivu. Na hii ndiyo ilikuwa oda yake ya kwanza tangu ajitegemee. Majiko yote yakipasuka, nani tena Kawangware angenunua kwake?

Simu ya Ngina, mwenyekiti wa chama, haikupatikana. Jentrix akatia patasi mkobani, akaenda Kawangware mwenyewe.

Alimkuta Ngina nje ya nyumba akikata mboga ya sukuma.

"Fundi, unahema hivyo, umefukuzwa na nani?"

"Mmeyawasha?"

"Tuwashe nini! Si hayo hapo ndani, yamenizibia njia ya kitanda." Ngina akafyonya. "Kwa chama chetu hakuna kubeba kitu mpaka wote tuwepo, tupige kura nani achague kwanza. Na Mitchelle ameenda matanga Busia. Tangu juzi Trizah ananitusi, ati nimeyakalia kama kuku wa mayai."

Jentrix akaegemea ukuta. Kisha akaeleza yote, bila kuficha.

Ngina akamkazia macho. "Kumbe ulitaka kutupasulia jiko chini ya ugali?"

"Nisamehe, mama. Nitaitoa simenti yote, nijaze upya hapa hapa."

Akachokonoa jiko la kwanza kwa patasi. Simenti, bado changa, ikamomonyoka. Kikombe kilikuwa kizima. Akacheka peke yake, machozi yakimlengalenga.

"Itachukua siku ngapi?"

"Kujaza, mbili. Kukauka kivulini, wiki."

Ngina akachukua simu, akapanda juu ya kiti kutafuta netiwaki.

"Mitchelle! Pole na msiba, dada. Aa, wala usikimbie kurudi. Kaa na wafiwa. Kaa kabisa!"