Kikapu Kilichoelemea Upande

Siku yangu ya kwanza kazini, Meneja wa chama cha wasusi hakunipa kalamu. Alinipa kikapu.

"Kinuse," alisema. "Ukindu usiokauka hunuka ubichi. Kikifika kwa mteja kimeota ukungu, huyo harudi tena."

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja Mabatini, nyuma ya duka la vitambaa, nami nilikuwa karani wa mauzo. Biashara ilikuwa imefunguliwa nchini, kila mtu anauza kitu, lakini wageni wa kununua vikapu Mwanza walikuwa wachache. Mwishoni mwa miaka ya tisini Meneja akarudi kutoka semina Dar es Salaam na kompyuta iliyokwishatumika. Alisema kuna watu huko nje wamefungua duka ndani ya mtandao, nao wamekubali kutuuzia vikapu vyetu.

Ninyi mnaouza kwa simu ya mkononi mtacheka. Tulipiga picha kwa kamera ya filamu, tukasubiri zisafishwe, kisha tukazipitisha kwenye skana, mashine ya kuingiza picha kwenye kompyuta. Tulizituma kwa laini ya simu ya mezani. Ikikatika, tunaanza upya. Chini ya kila picha niliandika maelezo: upana, kimo, rangi na jina la msusi.

Picha za kwanza tulizipigia kijijini Kisesa, kwa Mama Kabula, msusi wetu mkongwe. Kanuni ilikuwa kikapu peke yake mbele ya shuka jeupe. Siku hiyo upepo ulisumbua, ikabidi akishike, na vidole vyake vikaonekana. Filamu ilikuwa imekwisha, tukaituma hivyo hivyo. Miezi mingi ikapita kimya, ndipo ikaja barua pepe kutoka kwa mama mmoja mwenye duka la zawadi ughaibuni. Alitaka vikapu kumi na viwili, vyote vya mikono ile ile.

Nilikwenda Kisesa nikiwa na furaha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nilipomweleza alicheka, kisha akaninyooshea mikono. Vidole vilikuwa vimevimba kwenye maungio.

"Tangu masika vimegoma," alisema. "Anayesuka sasa ni mkamwana wangu, Limi."

Nilimpelekea Meneja habari hiyo.

"Basi Limi asuke, wewe andika jina la mkwe wake. Nani atajua?"

"Mama Kabula atajua, mzee."

"Bi Tabitha, hii ndiyo oda yetu kubwa. Ikipotea, sina kazi ya kukupa."

Kesho yake nilimwandikia mteja ukweli wote, nikamsomea Meneja kabla ya kutuma. Alichukua kofia yake, akatoka. Sikujua kama amekataa au amekubali. Nilituma.

Jibu lilikuja siku ya tatu. Yule mama alitaka vikapu kumi na kimoja vya Limi, kwa jina la Limi mwenyewe. Kimoja cha Mama Kabula angekisubiri, hata kikichukua mwaka. Meneja aliisoma barua mara mbili. "Haya," alisema, "mpelekee ukindu mzuri."

Mama Kabula alisuka kila jua lilipokwisha kumpasha vidole joto, mzunguko mmoja au miwili kwa siku. Ilichukua miezi mitano. Nilipofika kukichukua, hakutaka kunipa.

"Kimeelemea upande. Usikitume, utanitia aibu."

Nilikaa naye mkekani, nikaandika maelezo hapo hapo, nikamsomea: "Kikapu hiki kimeelemea kidogo. Amekisuka Mama Kabula wa Kisesa, vidole vikimuuma."

Alifikiri.

"Kuelemea acha, ni kweli. Hayo ya kuuma futa. Andika nilikisuka nimekaa na mkamwana wangu, tunaongea."

Limi, aliyekuwa akichambua mchele, aliinama asionekane uso. Nilifuta, nikaandika alivyotaka. Ndipo Mama Kabula akanikabidhi kikapu kwa mikono miwili.

Mama Kabula ametutoka sasa, na mimi nimestaafu. Skana na filamu zimekwisha kusahaulika. Vijana wa chama huja nyumbani kuniuliza namna ya kuandika maelezo yatakayovuta wateja. Nawauliza kama wamemsomea msusi kwanza. Wengi hawajamsomea. Nawaambia warudi kwake, wakae, wasome polepole, na wawe na kifutio.