Mshale Uliolala Sifuri

Baba yangu alinyang'anywa ufunguo wa gari lake Jumapili moja baada ya ibada. Aliyemnyang'anya ni mtoto wake wa kwanza, na baba aliambiwa ni kwa sababu anapendwa.

Nilikuwepo. Kaka yangu alikuwa amekuja kwetu Matisi, Kitale, kutoka Bungoma anakofanya kazi ya serikali. Alikula kuku akamaliza, akanawa mikono, ndipo akasema kilichomleta.

"Baba, tumekaa, tumeomba, tumeamua. Usiendeshe tena."

Niliuliza hao waliokaa ni akina nani, maana mimi ninayeishi na baba sikuitwa popote. Kaka alinijibu kwamba chuo kikuu kilinifundisha kuuliza maswali lakini hakikunifundisha kupata kazi. Waliokuwa mezani walicheka. Hata baba alicheka kidogo, kwa adabu ya mwenye nyumba.

Gari lenyewe ni la Kijapani, otomatiki, karibu rika langu. Baba alilinunua akiwa afisa wa kilimo, na alipostaafu likawa la kumpeleka Saboti kwenye mahindi yake. Alikuwa dereva wa kuchosha. Alipunguza mwendo penye tuta, penye ng'ombe, na penye watu wanaoonekana kama wanafikiria kuvuka. Halafu gari likaanza vituko. Mshale wa spidi uliruka, ukatetemeka, kisha ukalala sifuri huku gari likienda. Gia zilichelewa kuingia, na zilipoingia zilipiga teke. Na kila baba alipotaka kusimama, injini ilizima.

Ilizima katikati ya mji, lori la mahindi likiwa nyuma yake. Dereva wa lori alikanyaga breki, akamtukana mbele ya soko zima. Mama mmoja wa kanisa letu alikuwa pale, na kabla baba hajafika nyumbani, watu wa Bungoma walishapata habari kwamba mzee amesahau kuendesha.

"Ni gari ndiyo inazima," baba alimwambia kaka Jumapili ile. "Si mimi."

"Kila mzee husema hivyo, baba."

Sikukasirika kwa sababu nilijua baba yuko sawa. Sikujua. Nilikasirika kwa sababu watu walikuwa wamekaa, wakaomba, wakaamua, na hakuna hata mmoja aliyefungua boneti. Kaka aliondoka na ufunguo mfukoni, akasema gari litachukuliwa mwisho wa mwezi likapumzike kwake. Kwa nini gari bovu lipumzikie Bungoma na si Kitale? Swali hilo pia lilihesabiwa kuwa utovu wa adabu.

Kesho yake baba aliweka ufunguo wa akiba mezani, kando ya kikombe changu cha chai.

"Angalia hiyo kitu," alisema. "Kama ni gari, uniambie. Kama ni mimi, pia uniambie. Usinionee huruma."

Fundi wetu wa Matisi ana gereji isiyo na paa, pembeni mwa barabara. Aliliendesha gari mzunguko mmoja tu, akarudi na hukumu.

"Geaboksi imekufa, msomi. Uza hii gari ikiwa bado hai."

"Imekufa ama iko hai?"

"Wee na maswali yako bana! Si inapiga teke?"

"Na mshale wa spidi? Huo pia umeuliwa na geaboksi?"

Alikuna kichwa. Nilimwomba jeki na mita ya kupima umeme. Nilikuwa nimesoma kwenye simu mpaka macho yakauma, na nilichoelewa ni hiki: kwenye geaboksi kuna sensa ya spidi, kitu kidogo cha plastiki kinachohesabu mizunguko na kupeleka habari sehemu mbili, kwenye mshale na kwenye kompyuta ya gari. Kompyuta isipojua gari linakwenda kasi gani, haijui ibadilishe gia lini, wala haijui mafuta kiasi gani yatoshe injini isizime gari linaposimama. Yaani vituko vyote vitatu vingeweza kuwa na mama mmoja.

Lakini kusoma si kujua. Tuliinua magurudumu ya mbele, nikachomoa plagi ya sensa. Ina nyaya tatu. Nilitumaini kosa liwe kwenye waya, maana waya huungwa tu, lakini ule wa umeme ulikuwa na umeme na ule wa ardhi, unaourudisha umeme, ulikuwa mzima. Nikarudisha plagi, nikachoma pini kwenye waya wa tatu, ule unaopeleka hesabu, fundi akawa anazungusha gurudumu kwa mkono. Namba za mita zilitakiwa zipande na kushuka, zipande na kushuka. Zilikaa tu. Niligonga sensa kwa mpini wa spana, zikaruka kidogo, kisha zikalala tena.

"Ni hii," nilisema.

"Ati kitu kama kizibo cha soda ndiyo inatukanisha mzee wa watu?" fundi alisema, akacheka mpaka akakalia tairi.

Muuza vipuri wa mtumba alinipa sensa ambayo meno yake hayakulingana na ya zamani. Nikarudi, tukabishana, akanipa nyingine. Hiyo ilikubali. Ni bolti moja tu, na mpira mpya wa kuzuia oili isivuje. Tulichomoa betri kwa muda ili kompyuta isahau makosa ya zamani, kisha nikaliendesha hadi Kiminini na kurudi. Mshale ulipanda ukatulia. Gia ziliingia bila kelele. Mjini nilisimama makusudi mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na injini ikaendelea kunguruma kama haikuwahi kumwaibisha mtu.

"Ni gari," nilimwambia baba nilipofika nyumbani.

Nilitegemea angefurahi. Aliichukua sensa mbovu, akaigeuza kwenye kiganja.

"Uko na uhakika?"

"Nimepima."

"Mimi pia nilikuwa na uhakika," alisema.

Hapo ndipo nilipopaswa kuelewa. Tangu Jumapili ile baba alikuwa ameanza kuniuliza kama amefunga mlango ambao nilimwona akiufunga. Alionja chai, akauliza kama ametia sukari, huku kijiko kikiwa bado mkononi. Lakini mimi nilikuwa na ushindi wangu na nilitaka kaka auone. Nilisema twende Bungoma, baba aendeshe mwenyewe, uani kwa kaka aingie akiwa nyuma ya usukani.

Tuliondoka asubuhi, barabara ikiwa kavu. Mwanzoni niliangalia nje, mashamba ya mahindi pande zote, nimeridhika na nafsi yangu. Kisha nikasikia baba anahesabu.

"Arobaini. Arobaini na tano. Hamsini."

Alikuwa anausoma mshale. Aliusoma kwa sauti, kama mtu aliyeitwa kujieleza, na macho yake hayakuondoka pale kwenye dashibodi.

"Baba, angalia barabara."

"Naangalia. Bado unafanya kazi. Hamsini na mbili."

Karibu na Kamukuywa kulikuwa na tuta ambalo halijapakwa rangi. Baba wa zamani angelinusa kutoka mbali. Huyu alilivaa, gari likaruka, usukani ukamponyoka, na mwanamume aliyebeba miwa kwenye baiskeli akajitupa pembeni na mzigo wake wote. Hakuumia. Alisimama kati ya miwa iliyotawanyika, akatutukana.

"Mzee, umelala? Gari ni kitanda?"

Baba alisimamisha gari. Injini haikuzima. Alishuka, akamsaidia yule mtu kuokota miwa, mmoja mmoja, akiomba msamaha kila alipoinama. Kisha akaja upande wangu na kufungua mlango.

"Endesha."

"Baba, tuta halina alama. Mtu yeyote—"

"Endesha, kijana yangu."

Niliendesha kupitia Misikhu na Webuye. Nilijua kilichotokea. Siku zote hizo za kuambiwa kwamba hajui zilikuwa zimemfundisha kutojua. Lakini ningethibitishaje? Hakuna mita ya kupima kitu hicho. Kwa yeyote aliyetuona pale Kamukuywa, mzee alishindwa kuendesha gari zima.

Bungoma, kaka alitoka nje akiwa na kikombe mkononi. Nilimweleza kila kitu: mshale, gia, nyaya tatu. Nikampa ile sensa mbovu. Aliitazama, akatikisa kichwa.

"Kumbe! Kitu kidogo hivi. Umefanya vizuri sana." Kisha akauliza, "Na nani ameendesha?"

"Baba," nilisema. "Kutoka Kitale mpaka kwa geti yako."

Mimi ninayedai ushahidi kwa kila mtu nilisema hivyo bila kupepesa macho.

"Hapana," baba alisema. "Mimi nilifika Kamukuywa tu. Nilikaribia kugonga mtu."

Kaka hakushangilia, hilo nakiri. Alimshika baba bega, akasema, "Asante kwa kusema ukweli, baba," kwa sauti nzuri ile ya kanisani. Kisha akanyoosha mkono kwangu. Nikampa ufunguo wa akiba. Baba alikuwa ananitazama, na uso wake ulisema nitoe.

Tulikunywa chai. Walizungumza habari za mbolea. Jua lilipoanza kushuka, kaka alisema atatupeleka stendi kwa gari hilo la baba, tupate matatu ya kurudi Kitale. Alikaa kwenye usukani, mimi kando yake, baba nyuma na mfuko wa ndizi aliopewa na shemeji.

Kaka aliendesha kwa mkono mmoja, simu ikiwa kwenye mkono wa pili. Alilipita tuta la kwanza bila kupunguza mwendo. Vichwa vyetu viligonga paa, ndizi zikamwagika miguuni mwa baba.

"Pole pole," baba alisema.

"Si mlisema gari imepona?" kaka alijibu, akacheka, akakanyaga mafuta. Baba alikuwa ameinama, anaokota ndizi.