Emma Aliyeandika Kwamba Amefariki

Emma, kifupi cha Emmanuel, ni mtu wa ghala. Kazi yake kule Mbale ni kudunga magunia ya kahawa kwa bomba la chuma, kumwaga punje kiganjani, na kusema kama zimekauka. Husema "zimekauka" au husema "bado". Kuna siku ambazo maneno yake yote, toka asubuhi mpaka kufunga mlango, ni hayo mawili. Nimemjua miaka kumi na mmoja, kwa kuwa mimi nazunguka na jiwe langu la kunolea kati ya Mbale na Jinja, na pale ghalani kuna visu vya kukatia nyuzi za magunia. Nikifika hunipa kigoda. Mimi nanoa, yeye anadunga. Tunaelewana vizuri.

Nimeona niandike habari zake kwa sababu watu wa Budondo wanazisimulia vibaya. Wengine wanasema alishtakiwa Ulaya. Hakushtakiwa. Aliulizwa tu kama yu hai, naye akachelewa kujibu.

Baba yake mkubwa alikuwa Mwalimu Aloysius Isabirye wa Budondo, huko nje kidogo ya Jinja. Baba mzazi wa Emma alifariki Emma akiwa bado hajaota meno ya mbele ya pili, na Mwalimu Aloysius ndiye aliyemfundisha kusoma, akimchorea herufi kwa kijiti kwenye vumbi la uani, kisha kuku wanapita juu yazo, anachora tena. Mwaka huu, mwezi wa tano, Mwalimu alifariki kwa presha. Watoto wake ni wa kike watupu, na katika ukoo ule wa Wasoga mrithi wa mwanamume huwa mwanamume. Wazee wakakaa, wakamchagua Emma. Hawakumwuliza. Walimpigia simu wakamwambia aje na viatu vyeusi.

Siku ya kumalizia matanga mrithi husimamishwa mlangoni mwa nyumba. Hufungwa nguo ya gome la mti begani, hupewa mkuki, na mzee wa ukoo hutangaza kwa watu: "Aloysius hakufa. Aloysius huyu hapa." Hakuna anayecheka, maana hakuna mzaha. Tangu saa ile yeye ndiye. Topista, binti mkubwa wa marehemu, ambaye ana wajukuu, alipiga magoti mbele ya Emma akasema, "Baba, habari za safari?" Emma ana miaka thelathini na minne. Alijibu kwamba safari ilikuwa nzuri.

Mjane, Mama Milly, alikuwa akimwita mumewe "Mwalimu". Basi alimwita Emma vilevile, ingawa Emma hajawahi kufundisha hata mbuzi.

"Mwalimu," alisema, "paa la jikoni linavuja. Nilikwambia tangu Krismasi."

Emma alitazama juu. "Nitaliangalia," akasema. Kisha akarudi Mbale kudunga kahawa.

Wiki ya tatu tangu asimamishwe nilikuwa ghalani ninanoa, akaingia Habibah. Huyu ni mwenyekiti wa akina mama arobaini na watatu wa Masese, pale kando ya ziwa, wanaokausha mukene, yaani dagaa. Alikuwa ametoka Jinja alfajiri na kitenge chake bado kinanuka kazi. Hakusalimia.

"Mwalimu, umetuweka pabaya."

Emma aligeuka kuangalia nyuma yake. Nyuma yake kulikuwa na magunia.

"Ni wewe nakuambia! Lile jina letu la kwenye mtandao linakwisha baada ya siku arobaini, na limeandikishwa kwako."

"Niliandikisha mimi?"

"Miaka sita iliyopita, nyumbani kwako Budondo, kwenye ile kompyuta yako. Ukanywa na chai yangu."

"Sasa kwa nini sikuwaandika ninyi?"

"Ulisema fomu ina kisanduku kimoja tu cha mwenyewe, na sisi tuko arobaini na watatu."

Emma alifikiri. Alikiri kwamba hilo linaonekana kama jambo ambalo Mwalimu angesema.

Jina lenyewe, yaani anwani yao ya mtandaoni, ni Mukene wa Masese, limeshikana bila nafasi, halafu nukta. Wanunuzi wa Arua, wa Juba na wa Goma huandika huko wakitaka mzigo, na jina hilo limepigwa chapa kwenye kila gunia. Nenosiri alikuwa nalo Mwalimu kichwani, na kichwa kiko chini ya migomba. Tena kuna mtu wa mbali, hajulikani sura, ambaye kazi yake ni kungoja majina yaliyoachwa ili ayachukue. Alikuwa ameshamwandikia Habibah kumwuliza kama wanalitaka sana.

"Akilichukua," alisema Habibah, "wateja wetu watakuwa wanamwandikia yeye. Na wewe, Mwalimu, hii ndiyo kazi yako ya kwanza tangu usimamishwe. Ikikushinda, wazee watasema walivika gome gogo."

Hilo lilimwingia. Mrithi asiyefaa huvuliwa, tena mbele ya watu walewale waliomwona akivishwa. Emma hakuwa ameuomba urithi, lakini alikuwa ameshaitikia "Baba" ya Topista, na mtu akishaitikia, ameitikia. Jioni ile aliandika kwa simu yake barua kwa kampuni ya nje inayoandikisha majina. Alinisomea. Nikaona iko sawa, na huo ulikuwa ujinga wetu sote wawili. Ilisema hivi:

"Mimi ni Aloysius Isabirye, mwenye jina hili. Nilifariki mwezi wa tano na nenosiri limepotea. Naomba mnifungulie. Niko Mbale."

Jibu la kwanza lilitoka kwa mashine. Lilimshukuru Aloysius kwa kuwa mteja wao, likamwuliza angetoa nyota ngapi kwa huduma. Jibu la pili lilitoka kwa mtu. Lilisema wamelifunga jina kwa tuhuma kwamba kuna anayejifanya marehemu, na alete kitambulisho kuonyesha yeye ni nani. Emma akatuma kitambulisho chake cha taifa, ambacho kina jina lake la Emmanuel, na ili waelewe vizuri akaongeza picha yake akiwa mlangoni na mkuki.

Wakanyamaza siku tisa.

Kisha ikaja barua kwamba shauri limepelekwa kwa jopo la watu wa kujitolea, wa nchi mbalimbali, watakaosikiliza kwa video. Anayehusika anaruhusiwa kuzungumza lugha yake, atapewa mkalimani. Kwenye orodha ya lugha Kisoga hakikuwepo. Kiingereza cha Emma humkimbia akiogopa. Akachagua Kiswahili. Mama Milly hakufurahi. "Kiswahili?" alisema. "Kiswahili ni cha kupigiwa kelele na askari njiani. Tutawaambiaje mambo ya nyumbani kwa Kiswahili?"

"Ndicho walicho nacho," Emma alisema.

Mkalimani alikuwa Mkenya, Ojwang, yuko Nairobi. Alipiga simu siku moja kabla ili watu wazoeane, na mimi nikamwuliza mwenye mtandao wote huu ni nani, ili tujue tunaomba kwa nani.

"Hauna mwenyewe, mzee," alisema Ojwang. "Watu wa nchi zote wanakutana, wa serikali, wa biashara, na watu wa kawaida tu, wanazungumza mpaka asibaki mwenye pingamizi kubwa. Wanajiita jamii."

"Na mkubwa wao?"

"Yupo anayeshika daftari na kupanga zamu za kusema. Kuamuru, haamuru."

Nikaona basi ni kikao cha ukoo. Nilitulia kidogo. Emma hakutulia, kwa kuwa kikao cha ukoo ndicho kilichomfikisha pale.

Zilibaki siku kumi na mbili jina life. Tulikutana Jinja saa nne asubuhi, kwenye duka la kompyuta mtaa wa juu: Emma, Habibah, Mama Milly na mimi. Mimi sikuwa na shughuli hapo, lakini barua ilisema kikao ni wazi kwa yeyote, na kwenye orodha ya waliohudhuria waliniandika "jamii". Kwenye kioo walikuwa watu watatu na Ojwang. Mshika daftari alikuwa bwana wa Finland mwenye sweta. Kulikuwa na mama mnene wa Samoa, visiwa vya mbali huko Pasifiki, ambako ilikuwa usiku, na kijana wa Brazili ambaye sauti yake haikufika mpaka mwisho, na hakuna aliyemwambia.

Bwana wa Finland alianza kwa upole. "Swali la kwanza ni rahisi. Je, mwenye jina yu hai?"

Emma alifungua mdomo. Hapo nikaona shida ilipo, na sidhani kama bwana yule aliiona. Akisema "nipo hai, ndimi", wale wataona ni tapeli. Akisema "amekufa, mimi ni mwingine", basi ameuvua urithi kwa mdomo wake, mjane akiwa amekaa kulia kwake na mkoba mapajani.

Mama Milly ndiye aliyejibu, kwa Kiswahili chake cha barabarani. "Huyu iko hai. Anakaa hapa. Ile ingine tulizika."

Ojwang alitafsiri. Bwana wa Finland akaandika, akafuta.

"Kwa hiyo mwenyewe alifariki."

"Nimesema tulizika ile ingine."

"Kuna wawili?"

"Iko moja," Mama Milly alisema, akimtazama kama anavyotazamwa mtoto aliyepewa hesabu rahisi. "Sasa huyu mzungu, yeye hana baba?"

"Hilo usitafsiri," Habibah alimwambia Ojwang.

"Nimeshatafsiri, mama."

Bwana wa Finland alisema baba yake yupo, ana miaka themanini na moja. Mama Milly akamtumia salamu. Ojwang, ambaye jasho lilikuwa limeanza kumtoka, akaanza kueleza kwa Kiingereza mambo ya urithi kwetu na kwao, akaambiwa mkalimani atafsiri tu. Ndipo yule mama wa Samoa akainua mkono.

"Kwetu mkuu wa familia akifa, jina la ukuu halipewi kaburi," alisema. "Baba yangu alibeba jina lililobebwa na wengi kabla yake. Mimi namwelewa bibi huyu. Lakini kanuni zetu hazina mahali pa kuliweka. Zina mtu aliye hai, zina kampuni, na zina marehemu mwenye karatasi za mahakama."

"Karatasi za mahakama zinachukua muda gani huko?" aliuliza bwana wa Finland.

Habibah alicheka peke yake kwa muda mrefu. Ojwang hakutafsiri kicheko.

"Basi nakuuliza wewe mwenyewe," bwana wa Finland alimwambia Emma. "Jina hili uliliandikisha kwa ajili gani?"

Angeweza kutunga. Habibah alikuwa ameshamsimulia yote, mpaka chai. Emma alisugua kiganja chake kama anayepima punje.

"Sijui," alisema. "Wakati ule nilikuwa bado sijawa yeye."

Mama Milly aliacha kuchezea mkoba. Nikasema kimoyomoyo, haya, gome linavuliwa hapa hapa, dukani, kwa lugha ya askari.

Lakini Emma alikuwa hajamaliza. "Kwetu mrithi akisimamishwa, kazi ya kwanza kabla hajala kitu cha mle ndani ni kuuliza: ni vitu gani humu marehemu aliwashikia watu? Jembe la jirani, mbuzi wa shemeji. Anavirudisha yeye mwenyewe, kwa mkono wake, kwa sababu yeye ndiye aliyevipokea. Mimi sikuuliza. Nilikimbilia Mbale. Kosa ni langu." Akamgeukia Habibah. "Mama, nilikushikia nini?"

Habibah hakungoja. Alitoa mfukoni daftari la kikundi, lina alama za mafuta ya samaki, akalishika mbele ya kioo. Ilikuwa ni kumbukumbu ya mkutano wa miaka sita iliyopita: akina mama wa Masese wamekubaliana kuwa na jina kwenye mtandao, na kwa kuwa fomu ina kisanduku kimoja, Mwalimu Aloysius awashikie. Chini yake sahihi ya Mwalimu, na alama za vidole gumba arobaini na moja. Wawili wa sasa walikuwa hawajajiunga wakati ule.

"Basi nawarudishia," Emma alisema. "Halikuwa langu, si la yule, si la huyu."

Bwana wa Finland aliomba daftari lisogezwe karibu. Akalisoma kwa msaada wa Habibah na Ojwang, mpaka vidole. Kisha wakazungumza wenyewe kwa wenyewe kitambo.

"Kama tangu mwanzo jina ni la kikundi," alisema mama wa Samoa, "basi swali la kwanza halikuwa na haja ya kuulizwa."

"Kuna mwenye pingamizi?" bwana wa Finland aliuliza. Kijana wa Brazili alionekana akisema jambo kwa bidii. Wakamsubiri. Sauti ikaja: alikuwa akisema hana. Ndipo bwana wa Finland akaandika kwenye daftari lake, na Ojwang akatusomea: uhai wa mwandikishaji haukujadiliwa, kwa kuwa hauhusiki.

Mama Milly alitaka asomewe mara ya pili. Aliposikia akakubali kwa kichwa. "Hawakusema umekufa," alimwambia Emma. "Sawa."

Jina lilihamia kwa kikundi zikiwa zimebaki siku nne. Mtu wa kuwasiliana naye ni Habibah. Fomu mpya ina kisanduku cha pili, cha mtu wa akiba, na Habibah alimwandika Aloysius Isabirye wa Budondo, na namba ya simu ya Emma. Nilimwuliza kama haoni anarudia kosa lilelile. Akasema huyu wa sasa anajibu simu.

Wale wa kampuni ya majina wana desturi ya kumwandikia kila mtu wa kwenye fomu, mara kwa mara, kumwuliza kama habari zake bado ni za kweli. Ya Emma ilikuja mwezi wa kumi na moja, tukiwa ghalani, akiwa anaongea na Mama Milly kwa simu. Alimwambia angoje asome ujumbe.

"Wanataka nini?" Mama Milly aliuliza. Sauti yake ilikuwa inasikika mpaka nilipokaa.

"Wanauliza kama mimi bado ni Aloysius."

"Waambie ndiyo. Na waambie paa bado linavuja."

Emma alibonyeza ndiyo. Jumamosi ile alishuka Jinja na kilo mbili za misumari ya bati, nami nikafuatana naye kwa kuwa zamu ya visu vya Budondo ilikuwa imefika.