Uji Wake Ulifika Ukiwa Moto

Leo nimekunywa uji wa mtu aliyekufa.

Mimi ni nesi, wodi ya wanaume, hapa Embu. Wiki jana tulipelekwa semina ya siku mbili kufunzwa kuelewa hisia, zetu na za wagonjwa. Nilitoka na neno moja: mtu akiongea usimkatize, msikilize kwanza.

Sasa leo asubuhi shosho mmoja, bibi mzee, akaingia na flaski, ametoka kijijini Kianjokoma. Mzee wake, mgonjwa wetu, alikuwa ameaga dunia alfajiri. Tulimpigia, simu imezimwa. Kwa hivyo hakuwa anajua.

Nikamkalisha ofisini. Kabla nifungue mdomo, akaanza. Vile ameamka mapema kupika uji wa wimbi. Vile ng'ombe wao amezaa ndama jike, na lazima mzee ndiye ampe jina.

Nami nikasikiliza, kama tulivyofunzwa. Namwangalia machoni. Naitikia kwa kichwa.

Jamani, hiyo haikuwa kusikiliza. Ilikuwa woga.

(Manesi wenzangu, nyinyi huanzaje?)

Mwishowe nikamwambia.

Shosho akafungua flaski, akamimina kikombe mpaka kikajaa, akanipa.

"Kunywa, daktari. Kwetu flaski ya mgonjwa hairudi nyumbani ikiwa imejaa."

Semina ilisema tusilie mbele ya familia. Nililia ndani ya kikombe.

Shosho akanishika bega.

"Polepole, mwanangu. Bado ni moto."