Ndizi za Harusi na Mlima Ulio Chini ya Ziwa

Sijui wenzangu wanakumbuka nini juu ya uchumba wao. Mimi nakumbuka tumbo langu likibonyezwa na mwanamke nisiyemjua, mchana kweupe, na mama yangu amesimama pale pale. Uso unaniwaka hata sasa ninaposimulia.

Aliyeanzisha yote ni baba mdogo. Alirudi kutoka vita vya Burma na koti la jeshi na maneno mengi. Jioni, rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikishamkolea, alituambia mambo aliyoelezwa na daktari mmoja Mholanzi alipokuwa amelazwa hospitali. Ati huko visiwa vya mashariki kuna ziwa kubwa lenye kisiwa katikati, kumbe ziwa lile ni mdomo wa mlima wa moto. Ulilipuka zamani sana, majivu yakafunika nchi na nchi, jua likafichwa, mimea ikafa. Mlima mkubwa namna ile, alisema, ukipasuka haubaki mlima. Linabaki shimo, na shimo linajaa maji. Na siku moja unaweza kurudia.

Sisi tulicheka. Tata, yaani baba yangu, hakucheka. Nyumba yetu kule Muleba ilitazama ziwa, na ukisimama mlangoni uliona visiwa. Ardhi ya kwetu ilizoea kutikisika, vyungu vikagongana, tukaendelea na kazi. Lakini tangu jioni ile Tata akawa anakwenda kukaa ukingoni na kuyakodolea maji macho kama mtu anayemvizia mwizi. Jamani, ziwa lote lile!

Harusi yangu ilipokaribia, asubuhi moja ardhi ikatikisika kwa nguvu, ukuta wa jiko ukapata ufa. Mchana hewa ikawa nzito kwa moshi wa watu waliokuwa wakichoma nyasi. Tata akasema hayo ni majivu. Akaingia kibanjani, kwenye migomba yetu, na panga, akakata mikungu yote iliyokuwa inasubiri harusi, hata michanga. Mama alimfuata akipiga kelele, "Umerogwa wewe?" Akafunga mikungu iliyo bora kwenye baiskeli ya kaka yangu, akamtuma Izimbya kwa wakwe, mbali na ziwa, na ujumbe huu: pokeeni chakula, njoni mmchukue binti upesi, mahari tutazungumza baadaye.

Hebu fikiria. Msichana anatolewa mbio mbio, tena bila mahari! Izimbya walielewa vile ambavyo mtu yeyote angeelewa. Wakaja wazee wawili na shangazi wa mchumba wangu, nyuso zimekunjamana. Shangazi hakunisalimu. Alinivuta nyuma ya nyumba, akanibonyeza tumbo, akauliza, "Ni la nani hili?" Nilisema sina kitu. Akasema wote husema hivyo. Haki ya Mungu, nilitamani huo mlima upasuke kweli unimeze.

Tukaingia ndani. Ndizi zilizobaki zilikuwa changa mno, hazifai hata kupikwa, kwa hiyo mama akawawekea viazi vitamu. Kwetu kumlisha mkwe viazi ni kama kumtukana. Hakuna aliyegusa. Mzee mmoja akasema kama binti ana mzigo wa mtu mwingine, basi uchumba umekwisha.

Tata akainuka. Angeweza kutunga uongo wowote. Badala yake aliwaonyesha ziwa kupitia mlangoni, akaeleza yote, mdomo, shimo, majivu.

"Wakwe zangu," alisema, "sikuweza kuwahamisha watoto wote. Nikaona angalau huyu awe mbali."

Shangazi akaangua kicheko. "Ati ziwa ni mlima!" Wazee nao wakacheka mpaka wakajifuta machozi. Mara moja niliona nyuso zao zimefunguka, na nikajua nimepona, harusi ipo, jina langu limesafishwa. Mama aliinamisha kichwa. Mimi nikacheka pamoja na wakwe, tena kwa sauti kuliko wote, ili waone kwamba nimeshakuwa wa kwao.

Tata aliketi. Hakumtazama mtu. Alichukua kiazi kimoja, akakimenya taratibu, akakiweka mbele yangu.